Viatu Viwili vya Trekta Dogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Fundi Mkuu wa karakana ya chama cha ushirika pale Bariadi, mzee mfupi mwenye kofia iliyolowa grisi, alinionyesha injini ya pampu juu ya meza. Akasema, "Hii nimeshaimaliza. Wewe funga kifuniko tu, halafu uniite." Nikafunga, nikakaza bolti zote, nikamwita. Akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Ndani kuna nini?" akaniuliza.

"Sijui, mzee. Ulisema umeimaliza."

"Mimi nikisema, wewe macho yako ya kazi gani? Ndani kuna kitambaa. Nilikiweka mwenyewe. Nenda nyumbani, kesho uje na macho."

Nilikwenda nyumbani nikilia, mwanaume mzima na ndevu zangu. Kesho yake nilirudi, na tangu hapo sikuamini tena neno la mtu kuhusu mashine. Ninyi wa leo mnachomeka kompyuta kwenye gari, inawatajia ugonjwa, mnabadilisha kifaa, basi. Sisi tulikuwa na sikio, pua na shaka. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, unaweka sikio kwenye mpini wake, unasikiliza beringi inavyolia. Dereva akikuambia "imezima ghafla tu, fundi," unajua anadanganya, ila hujui bado anadanganya nini.

Mimi ni Maduhu. Wengi walioniita Fundi Maduhu wameshatangulia mbele za haki, na waliobaki wananiita Mzee Shaka, wakidhani sijui. Najua.

Nilihamishiwa Lagangabilili, kwenye matrekta makubwa ya kulimia wakulima kwa zamu. Msimamizi wa Matrekta kule alikuwa mtu wa sala, haamini kwamba dereva anaweza kunyonya dizeli. Mimi niliamini siku ya kwanza. Nilikata kijiti cha mtama, nikakitia alama, nikawa nakizamisha kwenye tangi jioni na asubuhi. Ndani ya wiki mbili madereva wawili waliomba uhamisho wenyewe. Kisha nikapelekwa Mwamanyili, kwenye pampu za mashamba ya mpunga, nikakaa miaka minne nikipigana na matope. Bwana Shamba wa kule aliniambia siku naondoka, "Maduhu, wewe ni fundi mzuri sana, lakini kukaa na wewe ni sawa na kukaa na mkaguzi." Nilidhani ananisifu.

Nilirudi Bariadi mwanzoni mwa soko huria, enzi ile ya ruksa, nikapangiwa jineri. Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba: pamba mbegu inaingia kama ilivyotoka shambani, mashine inatenganisha nyuzi na mbegu, nyuzi zinashindiliwa kuwa marobota. Ile yetu sitaitaja jina, wenyewe wapo na watoto wao wapo. Ndani ya kila mashine kuna rola iliyovikwa ngozi na kisu kirefu cha chuma kinachoibana. Jiwe dogo tu likipita hapo, linagonga kisu, cheche inaruka. Na cheche ikikutana na nyuzi za pamba, usiombe yakukute. Moto wa pamba hauonekani. Unatambaa ndani ya robota kimyakimya, unaweza kuibuka baada ya siku mbili.

Kwa hiyo jineri ina adui mmoja, jiwe. Na mlinzi dhidi ya jiwe kwetu alikuwa Limbu.

Limbu alikuwa Mpokeaji wa Uwanja. Kila gunia na kila lori lililoingia lilipita mikononi mwake. Alikuwa anatumbukiza mkono mpaka kwapani ndani ya pamba, anafumba macho, anasema, "Hii ina maji," au "Hii ina mchanga, rudisha." Hakukosea. Alikuwa mtu wa Kasoli, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa, na tofauti na mimi, alimwamini kila mtu mpaka mkono wake useme vingine. Alikuwa akinitania. "Fundi, wewe hata mkeo akikupa ugali unaufungua kwanza uone beringi." Na mimi nilicheka. Nilimpenda Limbu, nalisema hili mapema.

Sasa, jineri inafanya kazi miezi ya kiangazi tu. Mvua zikianza, mashine zinalala, na mafundi wa kudumu tunabaki tunakodolea macho ukuta. Tukishamaliza kupaka grisi na kubadilisha ngozi za rola, kazi imekwisha. Wengine walikuwa wanacheza bao. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, kufufua mashine zilizokufa. Niliwahi kufufua cherehani, baiskeli ya mwalimu na kinanda cha kanisa. Meneja wa Jineri, mpole lakini mwoga wa makao makuu, alinipa banda la nyuma, akasema, "Cheza huko, mradi usiniunguzie."

Msimu mmoja wa mvua nikaletewa lile trekta dogo. Paroko mmoja alipokea kontena la msaada kutoka nchi za baridi huko ughaibuni, limejaa vitanda vya hospitali, na katikati ya vitanda kukawa na kitrekta kizee, chekundu, kimo cha ndama. Si cha kulima, hakina nguvu hiyo. Kule kwao ni cha uani, kwa bustani na kukata majani. Paroko hakukihitaji, akatupa sisi. Mbele kilikuwa na bamba la chuma lililopinda, upana kama mlango uliolazwa. Kwenye sanduku lake kulikuwa na minyororo mizito miwili na kijitabu cha lugha ambayo hakuna aliyeijua.

Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni hiki: mtu anatoaje trekta bure? Rahisi ni ghali, na cha bure ndiyo zaidi. Nililikagua kama mwizi anayekagua dirisha. Nikafungua kabureta, nikakuta uchafu wa kawaida. Nikafungua giaboksi, nikakuta mafuta meusi lakini meno mazima. Platini, vile vidole viwili vinavyokutana kutoa umeme wa plagi, zilikuwa zimeungua, nikazisugua kwa msasa. Minyororo ndiyo ilinisumbua. Nikaamua ni ya kulifungia lisiibwe. Nikamwambia Limbu, "Unaona? Hata huko kwao wezi wapo." Tukaifunga kwenye geti la jineri, ikakaa pale miaka.

Na kijitabu kilikuwa na picha moja tu. Mzee wa Kizungu amevaa koti zito na kofia ya manyoya, amekaa juu ya trekta kama lile, bamba liko mbele, na anasukuma rundo kubwa la kitu cheupe kabisa. Nyuma yake njia imebaki safi. Pembeni, malundo meupe yanafika kwenye madirisha ya nyumba.

Niliitazama sana. Nikampa Limbu, naye akaitazama. Kisha akapiga kicheko chake.

"Fundi! Hawa wamevuna! Tazama pamba hiyo, mpaka madirishani!"

Mnacheka. Nanyi mngezaliwa kwenye pamba, mkala kwa pamba, mkaoa kwa pamba, mngeona nini? Theluji niliisikia shuleni, ipo juu ya mlima huko kaskazini, basi. Sikujua kwamba inaweza kuanguka uani kwa mtu na ikahitaji trekta. Shaka yangu yote ilikuwa kwenye vyuma. Picha niliiamini. Nikamwambia Meneja, "Bosi, hii ni mashine ya kusukumia pamba."

Chini ya bamba, kila upande, kulikuwa na chuma kidogo cha duara, kama kisahani kilichogeuzwa, kimeshikwa kwa bolti moja. Leo najua vinaitwa viatu. Vinateleza juu ya ardhi na kuliinua bamba kidogo, vidole viwili hivi, lisikwangue kilicho chini. Kule wanasukuma theluji juu ya kokoto na hawataki kokoto zipande. Wakati ule sikujua. Nilivifungua mimi, kwa mikono hii. Nawaambia kosa lilipo mapema, msije mkanifikiria vizuri njiani.

Ilikuwa hivi. Soko huria lilileta wanunuzi binafsi, na wanunuzi binafsi walileta vurugu. Zamani pamba ilinunuliwa kwa madaraja: safi kivyake, chafu kivyake, na mkulima akileta chafu anaona aibu. Sasa kila mnunuzi anataka kujaza lori kabla ya mwenzake, haangalii. Wakulima nao si wajinga, wakaanza kumwagia maji, kutia mchanga, hata mawe katikati ya gunia. Kila mtu alimshuku mwenzake. Mkulima alishuku mizani, mnunuzi alishuku gunia, sisi wa jineri tulishuku wote, nao wote wanatushuku sisi. Limbu peke yake na mkono wake ndio walisimama katikati.

Msimu huo pamba ikafurika. Godauni likajaa, ikabidi imwagwe nje uwanjani, juu ya changarawe iliyoshindiliwa, na mimi nikawa naisukuma kwa trekta dogo kuipeleka kwenye bomba la kufyonza. Watu walikuja kutazama, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini kila nikipita, inabaki pamba nyembamba chini, unene wa vidole viwili. Meneja akaja, akaiangalia.

"Maduhu, pamba hii inabaki kwa nini?"

"Bamba liko juu kidogo, bosi."

"Mbona kwenye picha njia ni safi? Lishushe."

Nikashika spana, nikavifungua vile vyuma, nikavitupa kwenye kopo la bolti za zamani. Bamba likakaa chini sawasawa. Nikasukuma tena, njia ikabaki safi kama kwenye picha. Meneja akanipa mkono mbele ya watu.

Wiki ya pili, mashine namba tatu ikatoa cheche, tukazima kwa ndoo. Baada ya siku chache, namba tano. Mara ya tatu moto ukalala ndani ya robota, ukaibuka mchana kweupe na kuteketeza banda zima la nyuzi, na mwenzetu mmoja wa zamu akaungua mikono yote miwili. Namwona mpaka leo anavyokimbia akiipunga hewani.

Hapo kila mtu akapata mchawi wake. Waliosema ni wanunuzi binafsi wanataka jineri ife waipate kwa bei ya kutupa, walisema. Waliosema ni mkono wa mtu, walitafuta kuku. Huku kwetu mganga anapasua kuku na kusoma ndani yake. Limbu ndiye aliyetoa kuku, jogoo wake mwenyewe, akisema, "Tukijua, tutalala." Mganga akamsoma yule kuku, akasema adui anakula nasi sahani moja. Kila mmoja akamtazama aliye kando yake.

Mimi sikuhitaji kuku, nilikuwa na macho. Nilifungua mtego wa mawe, lile sanduku kwenye bomba la kufyonza ambapo vitu vizito vinadondoka kabla ya kufika kwenye mashine. Ulikuwa umejaa mpaka unafurika. Nikamimina mawe yale juu ya turubai, nikakaa nayo mchana mzima. Yalikuwa changarawe nyekundu. Sasa fikirini: mashamba ya huku ni mbuga, udongo mweusi unaonata, unaweza kutembea nusu saa usione jiwe. Changarawe nyekundu huku ipo wapi? Ipo barabarani, na ipo uwanjani kwetu. Kwa hiyo mawe hayakutoka kwa wakulima wala kwa wanunuzi. Yaliingia ndani ya uwanja.

Nilijiona nina akili! Wallahi niliona fahari. Nikajiuliza, nani anamiliki uwanja? Nani anashika kila pamba, na mkono wake haukosei, na sasa eti umekosea mara elfu? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda ofisini kwa Meneja na changarawe ndani ya kofia.

"Bosi, haya yanawekwa hapahapa."

"Na nani?"

Nikaikazia macho ile kofia, kama mtu anayeona uchungu. "Uwanja ni wa Limbu."

Maneno manne tu. Meneja alikuwa na barua ya makao makuu mezani inayomtaka apeleke jina, na mimi nikampa. Aliniuliza, "Una hakika, Maduhu? Huyu si rafiki yako?" Nikajibu, "Mashine haina rafiki, bosi." Nilivyolipenda jibu lile! Nililirudia nyumbani kwa mke wangu. Yeye akaendelea kupembua mtama.

Limbu aliitwa, akasimamishwa kazi papo hapo. Alipotoka ofisini alinipita pale karakana. Nilitegemea matusi. Akaniambia tu, "Fundi, wanasema ni mimi. Wewe unajua mashine, hebu nitazamie ni nini." Halafu akaondoka na baiskeli yake. Hakuambiwa nani aliyemtaja.

Kosa la kazini lingeishia kazini, lakini habari ilifika Kasoli kabla yake. Pamba iliyoungua ilikuwa jasho la watu wa kijiji chake, na wazee wakakaa, wakamtenga. Kutengwa kwa Wasukuma si mchezo. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto wala chumvi, ukilima unalima peke yako, ukifiwa unazika peke yako. Na mkeo anatengwa pamoja na wewe, isipokuwa akirudi kwao.

Baada ya hapo jineri ikauzwa. Kampuni mpya ikaleta Mhandisi, kijana wa Kitanzania aliyesoma miaka mingi nchi za baridi. Ilijulikana kwamba anaandika orodha ya watakaobaki na wa kupunguzwa, na kwamba kabla ya kuandika ataamua pia kuhusu Limbu: arudishwe au afutwe kabisa. Kila mtu alikuwa anatembea kwa ncha za vidole. Siku ya pili akafika bandani kwangu, akaliona trekta dogo, akasimama. Uso wake wote ukafunguka.

"Haiwezekani! Hiki kimefikaje huku?"

"Ni cha kusukumia pamba, mhandisi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, hiki ni cha kusukumia theluji! Mwenye nyumba wangu kule alikuwa nacho hikihiki, kizee hivihivi. Wakati wa baridi hakuna kilimo, watu wanakaa ndani. Yeye alikuwa anashinda bandani anakifungua na kukifunga, anakipaka rangi, basi tu kwa kupenda. Theluji ikianguka anayafunga magurudumu minyororo yasiteleze, anatoka nacho kama bwana harusi, anasafisha njia yake na ya majirani." Nikampa kijitabu, akanionyesha picha. "Hii unaona? Si pamba hii. Ni theluji." Halafu akachuchumaa mbele ya bamba, akapitisha mkono chini yake. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Viatu vyake viko wapi?"

"Viatu?"

"Vyuma viwili, hapa na hapa. Bila hivyo bamba linakwangua ardhi, linachota mawe." Akageuka, akatazama uwanja, akatazama mashine, akanitazama mimi. "Hivi mlikuwa mnasukumia pamba kikiwa hivi?"

Vijana, nimesikiliza injini nyingi. Siku ile nilisikia moyo wangu wenyewe ukigonga kama beringi iliyokwisha mafuta. Niliona yote kwa mara moja: changarawe nyekundu, mtego unaofurika, mikono ya mwenzetu iliyoungua, na Limbu juu ya baiskeli. Ningesema neno moja angerudishwa kesho yake. Na jina langu lingekaa mahali pa lake kwenye orodha. Nilikuwa na watoto sita.

"Havikuja," nikasema. "Kilikuja hivyohivyo."

Akaniangalia kidogo. Sijui kama aliniamini. Akasema, "Basi kisitumike," akaondoka. Kesho yake, kabla ya kengele ya asubuhi, nilivitoa vile viatu kwenye kopo, nikavirudisha. Mchana nikamwambia nimevichonga mwenyewe kutoka kwenye bamba la plau. Akanisifu. Aliniandika juu kabisa kwenye orodha, Fundi Mkuu.

Moto ukakoma. Msimu mzima haikutoka hata cheche. Na unajua watu walisema nini? Walisema, "Mnaona? Limbu kaondoka, moto umekoma." Hata waliokuwa wanamtetea walinyamaza. Kampuni ikamfuta moja kwa moja. Nilikuwa nimelitengeneza lile trekta, na kwa kulitengeneza nikawa nimethibitisha kosa lake.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Wakuu walikuja na kuondoka: Meneja Uzalishaji aliyependa simu, Mkaguzi wa Usalama aliyeogopa ngazi, Mkurugenzi aliyekuja mara moja kwa mwaka na miwani ya jua. Wote walinisifu kwa kitu kimoja, kwamba sidanganyiki. Niliwafundisha mafundi kumi na zaidi kushuku. Kila nikiwafundisha, nilikuwa naona haya, na haya hiyo nikaigeuza ukali. Waulizeni, watawaambia nilikuwa mkali.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na ng'ombe mmoja, wakahutubia. Nilikaa nyumbani miezi mitatu. Unadhani ukistaafu utapumzika, kumbe kazi ndiyo ilikuwa inakuficha. Asubuhi moja mke wangu aliniwekea michembe ya viazi vikavu na chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Baba Masanja, nenda kwa Limbu." Sikuwa nimemwambia kitu chochote. Miaka yote ile sikuwa nimemwambia.

Nikaenda Kasoli. Nilimkuta anachambua maharage uani, amezeeka, amekonda, lakini mikono ni ileile.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia.

Akainua macho. Nadhani hakuwa ameamkiwa na mgeni siku nyingi. "Mwangaluka, Fundi. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu," nikajibu, na ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote bila kupaka sukari. Bamba, viatu, changarawe kwenye kofia, kwamba ni mimi niliyemtaja, "havikuja", na asubuhi niliyovirudisha. Alisikiliza huku akiendelea kutenga maharage mabovu. Nilipomaliza akauliza, "Vile visahani viwili?"

"Hivyohivyo."

"Si mimi niliyekuinulia bamba ukivifungua?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Katika kumbukumbu yangu nilikuwa peke yangu. Alipolisema tu nikamwona: amechuchumaa, ameliinua bamba kwa mikono miwili, jasho linamtoka, ananihimiza, fanya haraka fundi, linanielemea.

"Uliona nikivitoa," nikasema. "Ulipofukuzwa hukukumbuka? Hukunishuku?"

"Nikushuku nini?" Alinishangaa kweli. "Si wewe ndiye fundi?"

Nikainamisha kichwa, nikalia, na safari hii sikuwa kijana. Limbu hakunibembeleza wala hakunifokea. Aliweka ungo chini, akageukia mlango wa nyumba, akaita kwa nguvu.

"Mayu Kabula! Njoo hapa. Acha hicho, njoo."

Mkewe akatoka akifuta mikono kwenye kanga. Mama huyu hakurudi kwao, alikaa naye kwenye kutengwa miaka yote. Akanitambua, akasimama mbali.

"Rudia, Fundi," Limbu akasema. "Yote, kama ulivyoniambia. Pole pole, asikie."

Nikarudia. Nilipofika mahali pa "havikuja", yule mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Hakunitazama mimi hata mara moja. Alikuwa anamtazama mume wake.

"Kila mwaka ulikuwa unaniapia," akamwambia. "Na mimi kila mwaka nilikuwa nakuitikia ndiyo, nimekuamini."

"Najua," Limbu akasema.

"Sikukuamini."

"Najua, mama. Rudia tena, Fundi."